Tulimwogopa Afande, Ugonjwa Tukauacha Upite

Mita moja na nusu. Umeshaisahau, sivyo? Mwaka 2020 uliisikia asubuhi, mchana na jioni. Redio iliisema, imamu na padri waliisema, chifu aliisema kwa kipaza sauti. Zikachorwa alama za rangi sakafuni mwa benki na maduka makubwa, kila mtu asimame kwenye alama yake.

Leo muulize mtu yeyote mtaani ile mita moja na nusu ilikuwa ya nini. Atacheka. Atakwambia ilikuwa ya polisi kutafutia chai.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Kwa sababu hajakosea sana.

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa zifungwe. Kisha matatu ya abiria 14 ikaambiwa ibebe 8. Kisha, tarehe 27 Machi, ikaja kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Nataka nieleweke mapema, wasije wale wa "korona haikuwepo" wakanifanya mwenzao: ushauri wenyewe ulikuwa wa kweli. Ugonjwa ulikuwepo, ulisafiri kwa pumzi, na aliyekaa mbali na mwenziwe alikuwa salama kuliko aliyebanana naye. Tulizika watu. Hilo sina ubishi nalo.

Ubishi wangu ni juu ya mjumbe. Ushauri wa daktari alipewa nani aulete mtaani? Alipewa mtu mwenye rungu. Ni kumtuma fisi ampelekee mgonjwa nyama.

Nenda Likoni, siku ile ile ya kwanza ya kafyu. Watu wametoka vibaruani Mombasa mjini, wanataka kuvuka waende kwao kabla ya saa moja. Feri ni zile zile. Watu ni wale wale. Kilichopungua ni muda. Sasa hebu niambie, umati wote ule ungevuka vipi kwa saa chache bila kubanana? Kuna aliyekaa chini ofisini akalipigia hesabu jambo hilo? Kafyu haijaanza hata, polisi wakawashukia kwa marungu, wakafyatua gesi ya kutoa machozi. Watu wakalazwa chini. Watu wakarundikana. Wakakohoa, wakatema, wakajipangusa kamasi na machozi kwa mikono ile ile waliyoambiwa wasijiguse nayo usoni.

Mtu angetaka kueneza ugonjwa wa mapafu kwa makusudi, angefanya nini zaidi ya hapo?

Siku chache baadaye, Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Kwao! Pale pale walipotuambia tukae. Rais Uhuru Kenyatta akaomba radhi kwa ukatili wa polisi. Radhi ikasomwa kwenye taarifa ya habari, rungu likaendelea na kazi. Kufikia mapema Juni, IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi, ilikuwa imeshahusisha vifo 15 na askari waliokuwa wakisimamia amri za kutulinda tusife.

Isome tena sentensi hiyo, polepole.

Halafu wakashangaa kwa nini watu hawakusikia ushauri. "Wakenya ni wabishi." "Wakenya hawana nidhamu." Nani alikuwa akisema hivyo? Mwenye nyumba ya vyumba vitano na ua wa maua! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye ua hamjui mwenye chumba kimoja. Kaa mbali na mwenzako, unaambiwa, nanyi mko sita katika chumba cha futi kumi kwa kumi huko Mathare au Kibera. Nawa mikono kila mara, unaambiwa, na maji unayanunua kwa mtungi wa lita 20, na mtungi huo ndio wa kupikia, wa kufulia, wa kumwogeshea mtoto. Kaa nyumbani, unaambiwa. Choo kiko nje, kimoja, cha ploti nzima. Kafyu inasemaje kuhusu tumbo la kuhara usiku wa manane?

Aprili 10 huko Kibera, watu walisikia kuna unga na mafuta ya kupikia yanagawiwa. Wakaenda. Wewe ungebaki? Wakasukumana, wakakanyagana, gesi ikafyatuliwa tena, wengine wakatolewa pale wakivuja damu. Picha zikasambaa, na wenye friji zilizojaa wakatikisa vichwa: hawa watu hawaujui ugonjwa. Waliujua! Waliijua na njaa pia, na njaa walikuwa wamefahamiana nayo zamani, kabla ya korona kuja na ndege.

Sasa ngoja nikuguse wewe, ndugu yangu, maana najua umeanza kufurahia ninavyowachamba wakubwa.

Wewe ulifanya nini?

Barakoa uliivaa kidevuni. Ulipoona kofia ya askari kwa mbali, ukaipandisha puani. Askari akipita, ukaishusha, ukaendelea kumtemea mate mwenzako mkizungumzia siasa. Kwenye matatu, makanga alipopaza sauti "inama!" mkikaribia kizuizi, uliinama. Mlikuwa zaidi ya wanane na ulijua. Virusi havikai kwenye kizuizi cha polisi, ndugu yangu. Vilikuwa vimeinama pamoja nawe, kwenye kiti kimoja.

Na baa je? Mlifungiwa mlango kwa nje, taa zikazimwa, mkanywa gizani. Sheria iliposema pombe iuzwe penye chakula tu, sahani ile ile ya chipsi baridi ikahamishwa meza hadi meza, isiliwe na mtu, ikingoja ukaguzi. Tulicheka. Tuliona ni ujanja. Tulikuwa tukimkwepa afande, na kila aliyemkwepa afande aliona ameshinda. Ameshinda nini? Alirudi nyumbani, akampa mama mzazi mkono.

Tulimwogopa afande. Ugonjwa tukauacha upite. Na wakubwa wenyewe ndio waliotufundisha hivyo.

Chukua habari ya karantini. Mahali pa kumtenga mtu aliyekuwa karibu na mgonjwa ili aangaliwe. Jambo jema, la kitaalamu, la zamani. Sisi tukaligeuza gereza. Aprili 2020 serikali ikatangaza kuwa anayevunja kafyu atapelekwa karantini. Kwa hiyo kukutwa barabarani saa moja na nusu ukawa ugonjwa, na kukaribiana na mgonjwa kukawa kosa la jinai. Watu wakazuiwa wiki mbili na zaidi, kisha wakadaiwa pesa za malazi ambayo hawakuyaomba. Wengine wakaruka ukuta wakatoroka. Nani tena, baada ya kuyaona hayo, angejipeleka mwenyewe kupimwa eti ana kikohozi?

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Lakini wahenga hawakukutana na serikali inayomtoza faini mwenye kuyafichua.

Na tukaona mazishi ya Siaya. Mtu aliyekuwa akifanya kazi bandari ya Mombasa akafukiwa usiku wa manane, haraka haraka, na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, jamaa zake wakitazama kwa mbali. Nchi hii tunavyothamini mazishi! Hapana aliyelala usingizi mwema baada ya kuiona video ile. Kuanzia hapo, familia ngapi ziliamua kwamba baba akiugua, anaugua malaria?

Hayo tuliyafanyiwa sisi wa chini. Wa juu je?

Julai 2020 Seneta Johnson Sakaja alikamatwa akiwa baa baada ya saa za kafyu. Huyu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya kushughulikia korona! Alikiri kosa, akalipa faini ya shilingi 15,000, akajiuzulu uenyekiti. Nimtendee haki: alau alikiri, na hilo ni zaidi ya walivyofanya wengi. Lakini ilipofika Agosti 2022, wewe wa Nairobi ukapanga foleni ukampa ugavana. Muuza mayai aliyepigwa rungu saa moja na dakika kumi hujamkumbuka hata kumpa pole.

Agosti hiyo hiyo ya 2020 tukasikia ya KEMSA, shirika la kununua na kusambaza dawa na vifaa vya hospitali. Zabuni za mabilioni, ukaguzi ukazitaja shilingi bilioni 7.8, vifaa vya kujikinga vimenunuliwa kwa bei ya kuruka, na wahudumu wa afya wakati huo huo wakigoma kwa kukosa vifaa hivyo hivyo. Tukawapa waliozipata zabuni hizo jina, "mamilionea wa korona", tukatunga vichekesho, tukasambaza. Rais akasema uchunguzi ukamilike kwa siku 21. Niambie, msomaji, umesikia nani amefungwa? Usihangaike kutafuta jibu.

Kisha mikutano ya siasa. Msikitini na kanisani watu wanahesabiwa mlangoni, harusini wanahesabiwa, matangani wanahesabiwa. Uwanjani kwa mwanasiasa hapahesabiwi mtu. Septemba na Oktoba 2020 walizunguka nchi nzima wakijaza viwanja, wakipunga mikono juu ya magari, barakoa zikining'inia shingoni. Oktoba 4 huko Kenol, Murang'a, vurugu za makundi mawili ya siasa zikaua watu wawili. Ndipo Novemba mikutano ikapigwa marufuku, siku 60, umati ukiwa umeshapumuliana wa kutosha. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Aliyewajaza watu uwanjani ni mwanasiasa. Aliyekwenda uwanjani ni nani? Si wewe? Ulikwenda kwa mia mbili na fulana.

Unadhani rungu la polisi liliishia hapo? Agosti 2021, mwaka mzima na zaidi tangu radhi ya Rais, ndugu wawili vijana wa Kianjokoma, Embu, walikamatwa kwa kosa la kafyu. Wakarudishiwa wazazi wao wakiwa maiti. Kafyu yenyewe iliondolewa Oktoba 20 mwaka huo, Siku ya Mashujaa, watu wakashangilia kama uhuru umepatikana upya. Tukashangilia, tukalala. Hakuna aliyeuliza tumejifunza nini. Hakuna aliyeuliza ile mitaa ya chumba kimoja na choo kimoja itakuwaje ugonjwa mwingine ukija.

Nao umekuja. Tarehe 31 Julai 2024 wizara ya afya ilitangaza kisa cha kwanza cha mpox nchini, kimegunduliwa mpakani Taveta. Huu nao hupita kwa kugusana, ngozi kwa ngozi, shuka kwa shuka. Maafisa wa afya wakarudi na ushauri wao: jitenge, usibanane, nawa. Nilikaa kwenye kibanda cha chai nikasikiliza watu wanavyoupokea. Huo ni mradi mwingine, akasema mmoja. Wanatafuta pesa za wafadhili, akasema wa pili. Wa tatu akauliza kafyu inaanza lini, na kibanda kizima kikaangua kicheko.

Hawakuwa wajinga watu wale. Walikuwa na kumbukumbu. Daktari wa kweli akisimama leo na neno la kweli, sauti yake inafika masikioni mwao ikiwa na harufu ya gesi ya Likoni na hesabu za KEMSA. Siku itakapokuja homa ya kuua kwa siku tatu, nani atamwamini nani? Utamwamini chifu? Utamwamini waziri? Au utamngoja afande aje na rungu, uinamishe kichwa chini ya kiti, akipita uinuke?

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu sisi tumeutundikia kalenda tusiuone.

Mwaka 2027, uchaguzi ukifika, wanasiasa watakuja. Unawajua. Watashuka kwenye magari makubwa, watakushika mkono kwa mikono miwili, watakuita mheshimiwa. Akikufikia mmoja wao, usimuulize kuhusu barabara, hiyo kila mtu humwuliza na jibu amelikariri. Muulize mfereji wa maji wa ploti yako uko wapi. Muulize feri ya Likoni jioni inabeba watu wangapi na ugonjwa ukija itabeba wangapi. Muulize waliotajwa kwenye zabuni za korona wamefikia wapi na kesi, na yeye bungeni alisema nini, siku gani. Muulize askari wangapi wamehukumiwa kwa waliouawa usiku wa kafyu. Muulize mbele za watu, kwa sauti, naye akiwa ameshika kipaza sauti asipate pa kukimbilia.

Akikujibu kwa fulana, mrudishie fulana yake.