Binti Anapotaka Kuwa Sista

Hebu fikiria, mzazi mwenzangu. Unaishi Nairobi lakini kwenu ni Suneka, kando ya barabara ya kutoka Kisii kwenda Migori. Umemsomesha binti yako kwa jasho, kwa mikopo na kwa ndizi zilizouzwa sokoni. Jioni moja, chakula kikiwa mezani, anakwambia: "Baba, nataka kuwa sista."

Usicheke. Kwa Mkisii jambo hili si dogo. Ng'ombe wa mahari hawatakuja, na mjukuu wa tumbo la binti huyo hutampakata. Wazee nao watauliza: msichana asiyeolewa atazikwa wapi, maana kwa mila ya Abagusii mahali pake si katika boma la babake? Na wewe unalo swali lako la siri: mshahara wake utakuwa wa nani?

Tuanze na pesa, kwa sababu ndizo huleta ugomvi. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983 yasema wazi kwamba anachopata mtawa kwa kazi yake ni mali ya shirika. Awe muuguzi au mwalimu, mshahara huingia katika mfuko mmoja, na kila sista hupewa anachohitaji. Basi usitegemee kwamba atawalipia ndugu zake wadogo karo. Ni heri ulijue hilo leo kuliko kumlaumu kesho.

Naye binti ajue yanayomngoja. Katika shirika la kimataifa hutachagua wa kuishi naye. Mmoja ametoka India, mwingine Ulaya, mwingine Tanzania. Alfajiri wote husali pamoja, kisha kila mtu huenda kazini. Jioni hukutana tena kwa sala na chakula. Mgeni hujifunza kusema "Bwakire" asubuhi na kumeza chinsaga bila kukunja uso. Nawe Mkisii kesho waweza kutumwa nchi ambayo hakuna anayekuamkua kwa lugha ya mamako. Wengi hudhani kukosa mume ndio mtihani mkubwa. Lakini kuvumiliana na mtu usiyemchagua, siku baada ya siku, nao si mchezo!

Sasa turudi kwa swali la wazee. Mnamo Januari 1903 masista sita Wafransisko kutoka Mill Hill, Uingereza, walifika Nsambya, Uganda. Siku hizo Kisii nayo ilikuwa katika vikarieti hiyo hiyo ya Nile ya Juu. Misheni ya Nyabururu ilifunguliwa mwaka wa 1911. Mmoja wa masista hao alikuwa Teresa Kearney wa Ireland, ambaye watu walimwita Mama Kevina. Walianza kutibu wagonjwa chini ya mti, na leo pale pana Hospitali ya Nsambya. Mwaka wa 1923 alianzisha shirika la wasichana wa Kiafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao leo wanafanya kazi Uganda, Kenya na Tanzania. Bila shaka wazazi wa wasichana wale nao waliwaza juu ya mahari.

Mama Kevina alifariki karibu na Boston, Marekani, Oktoba 1957. Mwili ulipelekwa kwao Ireland, lakini Wakatoliki wa Uganda waliomba arudishiwe wao. Akazikwa Nkokonjeru, Uganda. Mwanamke asiye na mume wala mtoto, na bado watu walimlilia wakisema ni wetu!

Sisemi umkubalie binti yako papo hapo. Wala sheria haina haraka. Haruhusiwi kuanza unovisi kabla ya miaka 17, na unovisi wenyewe huchukua angalau mwaka mmoja. Zinafuata nadhiri za muda, kwa kawaida miaka mitatu hadi sita, ndipo zije nadhiri za daima. Katika unovisi yuko huru kuondoka, na nadhiri za muda zikiisha yuko huru pia. Aliyeingizwa kwa nguvu au kwa vitisho, unovisi wake haukubaliki.

Kwa hivyo mwambie amalize masomo kwanza. Kisha siku moja pandeni matatu pamoja mkawatembelee masista. Uliza habari za mfuko, za likizo, za makaburi. Na akirudi nyumbani baada ya miaka miwili akiwa amebadili nia, mfungulie mlango bila kumwuliza watu watasema nini.

Tukutane Jumapili ijayo.