Mtoto Anayehara Asinyimwe Maji

Imekita mizizi katika nyumba nyingi nchini dhana kwamba mtoto anapohara na kutapika, sharti tumbo lipumzishwe: asipewe maziwa wala uji, na hata maji apimiwe, kwa hofu kwamba kila kinachoingia kitatoka. Wafanyao hivyo hutenda kwa mapenzi. Hata hivyo, yafaa isemwe waziwazi kwamba mapenzi ya namna hiyo huua.

Kinachomwangamiza mtoto aghalabu si kuhara kwenyewe, bali ni kupotewa na maji na chumvi mwilini. Asubuhi anacheza, kufikia jioni macho yameingia ndani, analia bila machozi, mkojo umekatika, na ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole. Kusema kwamba anaota meno ni kujifariji tu.

Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walikumbwa na kipindupindu katika kambi ya Bangaon, nchini India. Maji ya kutia mishipani yalipokaribia kwisha, Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza wagonjwa wanyweshwe maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari, tena jamaa zao wenyewe wakawa ndio wauguzi. Vifo, vilivyokuwa takriban 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya 4. Siri yenyewe ni kwamba sukari ya kipimo huisaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, nayo maji huifuata chumvi. Sukari ikizidi, mambo hugeuka, kwani huyavuta maji kutoka mwilini na kuyarudisha tumboni. Ndiyo maana soda haifai, hata mgonjwa aililie vipi.

Siku hizi chumvi hiyo huuzwa kwa pakiti, pamoja na vidonge vya zinki ambavyo mtoto hupewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti kifuatwe bila kukisia. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi hutiwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kusawazisha, si vya kurundika. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha umnyweshe kijiko baada ya kijiko. Anyonye, ale. Akiwa mlegevu, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, apelekwe hospitalini bila kukawia.

Dawa za kufunga tumbo hazimfai mtoto hata kidogo. Za kuua bakteria nazo, ambazo wengi hukimbilia kununua bila kumwona daktari, haziwezi kitu mbele ya virusi, na virusi ndivyo chanzo cha sehemu kubwa ya maradhi haya kwa watoto wadogo. Dhidi ya rotavirusi, Kenya ilianza kutoa chanjo ya matone mwaka 2014, mzazi asiikose.

Huenda mwalimu akauliza haya yanamhusu vipi. Yanamhusu kwa sababu mama anapokwenda sokoni au shambani, mara nyingi anayeachiwa mtoto ni mwanafunzi wa darasa la tano au la sita. Mwanafunzi huyo pengine anaweza kutaja dalili zote za ugonjwa katika mtihani na kupata alama, ilhali hajawahi kupima nusu kijiko cha chumvi maishani mwake. Aidha, hufunzwa kunawa mikono kwa sabuni katika shule ambayo vyoo vyake havina hata jerikeni la maji mlangoni!

Tunachowaomba walimu hakihitaji bajeti kutoka wizarani. Ni kipindi kimoja cha sayansi, chupa ya lita moja, kijiko cha chai, sukari na chumvi. Kila mwanafunzi achanganye kwa mkono wake, aonje kuhakikisha hayakuzidi chumvi ya machozi, kisha aende akamwonyeshe mama yake jioni hiyo hiyo.