Usiku mmoja jangwani, miezi mingi Minova

Kila mwisho wa mwaka picha ni zile zile. Mfanyabiashara wa Bukavu au Goma aliyekwenda Dubai kufuata nguo na simu anajibakizia siku moja ya mapumziko. Dereva anapunguza upepo wa matairi ili gari lisizame mchangani, na jioni mgeni anashushwa kambini, katikati ya vilima vya mchanga mwekundu. Anakuta mazulia, moto, tende na kahawa. Analala hemani, anaamka kutazama jua likichomoza, na kabla ya saa sita mchana WhatsApp ya ukoo mzima imejaa picha.

Hakuna ubaya. Pesa ni zake. Tena huko si ugenini kabisa: katika nchi jirani ya Oman, jimbo la Sharqiya lenye jangwa la Wahiba ndiko zilikotoka nyingi ya familia za Kiarabu zilizohamia Zanzibar, na misafara ya Zanzibar ndiyo iliyofikisha Kiswahili Maniema. Mkongomani anaweza kulala katika mchanga ule na kuamkiwa kwa lugha ya nyumbani.

Ila picha hizo hufika pia Minova, na Minova neno hema lina maana nyingine.

Mji huu wa soko, ufukweni mwa Ziwa Kivu katika wilaya ya Kalehe, uko kwenye barabara ya Goma na Bukavu, karibu na mpaka wa Kivu Kaskazini. Vita vikiwaka Masisi au Sake, watu hushukia hapo. Novemba 2012, Goma ilipoanguka, askari wa serikali waliorudi nyuma walipora na kubaka wanawake Minova. Kesi ilihukumiwa Mei 2014, na waliopatikana na hatia ya ubakaji walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Februari 2024 mapigano ya Sake yalileta wimbi jingine la wahami. Madarasa, makanisa na nyumba za wenyeji vilijaa. Tarehe 21 Januari 2025 M23 waliingia Minova yenyewe, na waliokuwa wakipokea wageni wakabeba godoro kichwani nao.

Anayekimbia hujiambia ni usiku mmoja tu. Shida ni kwamba na wanaompokea hupanga hivyo hivyo. Turubai la usiku mmoja, chakula cha wiki, kisha miezi inapita mvua ikipenya pale pale.

Kiwango kinachopaswa kufuatwa kinajulikana. Mwongozo wa kimataifa unaoitwa Sphere unasema mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku, nafasi ya mita za mraba 3.5 chini ya paa, na choo kimoja kisizidi watu 20. Mwongozo huo haukutoka mbali. Ulianza kutungwa 1997, baada ya kipindupindu kuua maelfu ya wakimbizi wa Rwanda pale Goma mwaka 1994. Ziwa hili hili ndilo lililofundisha dunia somo hilo, na hadi leo kipindupindu hakijaondoka kwenye fukwe zake.

Atakayesema Dubai ina mafuta ana haki ya kusema, lakini hoja haimfikishi mbali. Kambi ya watalii si kisima cha mafuta, ni biashara ya watu wachache waliofikiria mapema kwamba mgeni ataona kiu, atasikia baridi, na ataamka usiku kutafuta choo. Maji wanayabeba kwa gari hadi mahali pasipo hata mti. Minova ziwa liko hatua chache kutoka sokoni. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaza juu ya mwanamke atakayetoka nje saa nane za usiku, choo kiko umbali gani, kina mlango, kina taa.

Badala yake, hamu kubwa ya wakuu ni kuona mahema yametoweka. Februari 2025, M23 walipokwisha kuishika Goma, kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa ndani ya siku chache na watu wakaambiwa warudi kwao. Kung'oa turubai ni kazi ya asubuhi moja. Kurudi kijijini ambako mlango umechukuliwa na mbegu zimeliwa ni jambo jingine, na waliolazimishwa wanalijua. Wakati huo huo Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu Kongo, ilikuwa imesimamisha fedha zake. Basi hata lile turubai bovu likawa bahati.

Yeyote anayeshika Minova, leo au kesho, anajua kwamba watu watakimbia tena. Kiwanja kinaweza kutafutwa sasa pamoja na machifu na wenyeji, mbali na maji ya ziwa, bomba likavutwa na vyoo vikachimbwa kabla ya mtu wa kwanza kufika na mtoto mgongoni. Bila hivyo watarudi kule kule, madarasani: saa moja ya asubuhi mikeka inakunjwa, masufuria yanatolewa nje, na wanafunzi wanangoja uwanjani sakafu ifagiliwe.