Kuunda, Kuunganisha na Kusamehewa: Lugha ya Mjadala wa Gari la Umeme

Watu wa Mombasa hawajapata kuwa wanyonge wa maneno. Tangu enzi za Muyaka bin Haji, aliyejibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, akiwemo Zahidi Mgumi, wakati miji hiyo miwili ilipokuwa na uhasama, siasa katika mji huu imekuwa jambo la kunenwa hadharani na kujibiwa hadharani. Leo mtu akipita Kizingo baada ya sala ya alasiri, katika ufuo wa Mama Ngina penye mibuyu mikongwe na wachuuzi wa madafu, ataukuta mtindo huo ungali hai. Wazee, wanafunzi na waendeshaji bodaboda hukaa wakajadili serikali na upinzani, bei ya mafuta na bei ya unga. Katika miaka ya hivi karibuni imeongezeka mada moja: gari la umeme. Je, Kenya inaunda magari ya umeme, au inajidanganya? Swali huulizwa huku meli zilizosheheni magari yaliyokwisha kutumika Japani zikipita mbele ya macho ya wasemaji, zikielekea Kilindini.

Hata hivyo, iko tofauti kubwa kati ya malumbano ya akina Muyaka na mabishano ya leo. Mshairi alilazimika kulielewa neno la mwenzake kabla ya kulijibu. Asingefanya hivyo angeaibika. Katika mjadala wa gari la umeme, wasemaji hutumia neno moja kwa maana tatu, kila mmoja akishikilia yake, na mwisho wa mazungumzo hutegemea nani alimpigia kura nani. Makala haya yanadai kuwa chanzo kikubwa cha hali hiyo ni lugha. Mjadala umeanza na kuendeshwa kwa istilahi za Kiingereza za wahandisi na wanasheria, na ulipofika kwa wananchi umevishwa maneno ya Kiswahili yasiyopambanua. Kazi ya kupambanua ni ya wanataaluma wa Kiswahili, nao hawajaifanya.

Mada yenyewe si ya kubuni. Kampuni ya Opibus, ambayo baadaye iliitwa Roam, ilianzishwa mwaka 2017 na ikajitosa katika pikipiki na mabasi ya umeme. Kampuni ya BasiGo ilianza kuendesha mabasi ya umeme katika barabara za Nairobi mwaka 2022, yakiwa na asili ya kampuni ya BYD ya Uchina. Baadhi ya mabasi yake yaliunganishwa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, kabla ya kazi hiyo kuanzishwa Thika mwaka 2024. Mnamo tarehe 1 Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa pikipiki za umeme mjini Mombasa, na siku chache baadaye akaendesha mwenyewe gari dogo la umeme kwenda katika Mkutano wa Tabianchi wa Afrika jijini Nairobi. Tangu siku hizo chombo hiki kikavishwa joho la siasa. Anayeisifu serikali hulitaja gari la umeme kama ushahidi wa maendeleo. Anayeipinga hulitaja kama maonyesho ya kupigwa picha.

Historia ya Kenya inaonyesha hasara ya mjadala wa namna hii. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata likiwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Mwaka 1990 magari matano ya majaribio yalioneshwa kwa umma kwa jina la Nyayo Pioneer. Hayakufika sokoni. Wafuasi wa serikali waliyafanya wimbo wa sifa, na wapinzani wakayafanya kichekesho. Jambo la tatu, kwamba kutokana na mradi ule ilibakia karakana ya Numerical Machining Complex yenye uwezo wa kutengeneza vipuri vya mashine, lilipata wasemaji wachache. Taifa lilikuwa limezama katika kuuliza kama gari ni la Moi au si la Moi, likasahau kuuliza wahandisi wake wamejifunza nini na watautumia wapi ujuzi huo.

Majirani nao wamepitia swali hilo hilo. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, na mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola lenye kutumia pia nishati ya jua. Nchini Tanzania, mchoraji vibonzo maarufu Masoud Kipanya alionyesha gari lake la umeme mwaka 2022. Kila mahali shangwe ilifuatwa na shaka: limetengenezwa hapa kweli, au vipande vimetoka ng'ambo?

Hapa ndipo neno lenyewe linapostahili kuchunguzwa. Kitenzi kinachotumiwa sana katika magazeti na redio ni kutengeneza. Kitenzi hiki kina upana wa ajabu. Fundi wa gereji akibadilisha breki husemwa amelitengeneza gari. Mama jikoni hutengeneza chakula. Kiwanda kikifunga vipande vilivyotoka Uchina husemwa kimetengeneza basi. Na mhandisi aliyesanifu chombo tangu mchoro wa kwanza naye husemwa ametengeneza. Kwa hiyo, kauli kwamba magari ya umeme yanatengenezwa Kenya inaweza kuwa kweli na inaweza kuwa uongo, kutegemea masikio ya msikilizaji. Wabishi wawili wa Kizingo wanaweza kubishana hadi magharibi, wote wakiwa wakweli.

Ilhali Kiswahili cha pwani kina hazina ya kuwatoa katika mkwamo huo. Mafundi wa vyombo vya bahari, mathalani wale wa Matondoni kule Lamu, hawatengenezi tu jahazi, wanaliunda. Kuunda ni kulijua umbo la chombo kabla hakijakuwepo, kuchagua mti unaofaa kwa mkuku na unaofaa kwa taruma, na kuweza kubadilisha kipimo mteja akitaka chombo cha maji machache. Misumari na kitambaa cha tanga viliweza kuagizwa kutoka ng'ambo, lakini hakuna aliyesema jahazi si la Lamu kwa sababu hiyo. Jahazi lilikuwa la Lamu kwa kuwa maarifa yake yalikaa Lamu. Kuunganisha, kwa upande mwingine, ni kushika vipande vilivyokwisha kupimwa na mwingine na kuvifunga kwa utaratibu uliowekwa. Ni kazi halali yenye ujira na ujuzi wake, wala haistahili kudharauliwa. Lakini si kuunda. Kisha kuna kukarabati, yaani kukirejesha chombo katika uzima wake kinapoharibika. Huo ni uwezo wa tatu ambao nchi inaweza kuwa nao au kuukosa.

Maneno haya matatu yakitumiwa kwa nidhamu, mjadala hubadilika papo hapo. Badala ya kuuliza kama gari ni la Kenya au si la Kenya, wasemaji wataweza kuuliza: ni sehemu zipi zimeundwa hapa na zipi zimeunganishwa tu? Betri, ambayo hubeba sehemu kubwa ya bei ya chombo, ikidhoofika, yuko fundi Mombasa mwenye ujuzi na ruhusa ya kuikarabati, au lazima irudishwe kwa kampuni? Nchi ina mpango gani wa kutoka katika kuunganisha hadi katika kuunda, na kwa muda gani? Maswali haya hayana chama. Mfuasi wa serikali anaweza kuyauliza bila kuisaliti serikali, na mpinzani anaweza kupokea jibu zuri bila kufedheheka.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, kwa kuwa unahusu sheria na fedha. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliyaweka mabasi, pikipiki na baiskeli za umeme, pamoja na betri za lithiamu, katika kiwango cha sifuri cha Kodi ya Ongezeko la Thamani. Mswada wa Fedha wa mwaka 2025 ulipendekeza bidhaa hizo zihamishwe kutoka kiwango cha sifuri hadi katika orodha ya bidhaa zilizosamehewa kodi. Kwa Kiswahili cha mitaani hali zote mbili huitwa bila kodi. Msikilizaji wa kawaida angeambiwa kuwa hakuna kilichobadilika, naye angeamini.

Ukweli ni kuwa tofauti ni kubwa. Ichukuliwe kuwa kiwanda cha kuunganisha mabasi kinanunua viti vya Sh. 100,000 kutoka kwa seremala wa hapa nchini na kulipa kodi ya asilimia 16, yaani Sh. 16,000. Basi likiwa katika kiwango cha sifuri, kiwanda kina haki ya kudai kurejeshewa fedha hizo. Basi likiwa limesamehewa kodi, haki hiyo hutoweka, na Sh. 16,000 huingia katika gharama, hatimaye katika bei. Wakati huo huo, basi lililoletwa likiwa zima kutoka ng'ambo halitozwi kodi hiyo bandarini, kwa kuwa nalo limesamehewa. Hivyo neno kusamehewa, lenye sauti ya huruma, linaweza kumwadhibu anayenunua viti kwa seremala wa Kenya na kumtuza anayeagiza basi zima. Kijana anayetafuta kazi ya kuunganisha mabasi ana sababu ya kulijua hilo kuliko mwanasiasa yeyote. Lakini ni nani aliyemweleza kwa lugha anayoifikiria?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge kuwezesha umma kushiriki katika kazi zake. Ushiriki bila kuelewa ni kiini macho. Mwaka 2024 vijana wenyewe walilitambua pengo hilo: waliufafanua Mswada wa Fedha kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Kenya, wakasambaza maelezo hayo kwa simu, na maandamano yakafuata hadi mswada ukaondolewa mwezi Juni mwaka huo. Mtu anaweza kuyasifu au kuyalaumu maandamano yale; hawezi kukana kuwa tafsiri ilikuwa na nguvu. Linalosikitisha ni kuwa kazi hiyo iliachiwa watu wasiofunzwa tafsiri, huku waliofunzwa wakiwa madarasani wakichambua nadharia zake.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kuwa Kiswahili hakina istilahi za teknolojia hii. Pingamizi hili halina mashiko. Betri, chaji, mota na kituo cha kubadilishia betri ni maneno ambayo mwendesha bodaboda anayatumia kila siku. Kilichokosekana ni mpangilio wa maneno hayo pamoja na yale ya sheria na uchumi, si maneno yenyewe.

La pili ni kuwa mwananchi haulizi istilahi, anauliza bei. Hili lina ukweli, lakini bei nayo huhitaji lugha. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati iliweka bei maalumu ya stima ya kuchajia vyombo vya umeme: Sh. 16 kwa kila uniti, na Sh. 8 katika saa zenye matumizi machache. Mwenye pikipiki anayechajia kwenye mita yenye bei hiyo hunufaika moja kwa moja. Anayebadilisha betri katika kituo cha kampuni hulipa bei ya kampuni, si bei ya stima. Nafuu ya serikali itamfikia iwapo tu kampuni itaamua kumpa au mkataba utailazimisha. Asiyetofautisha kununua stima na kukodi betri atasikia tangazo la nafuu, kisha ashangae mbona mfuko wake haujaisikia.

Kutokana na hayo, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina kazi mahususi ya kufanya. Kila mwaka, mswada wa fedha unapochapishwa na kabla Bunge halijamaliza kukusanya maoni ya umma, wanafunzi wa tafsiri wakisimamiwa na wahadhiri wao wanaweza kutoa kwa Kiswahili sanifu na chepesi vifungu vinavyogusa uchukuzi, chakula na mafuta. Vifungu vyenye maneno yanayofanana kwa sauti na kutofautiana kwa athari viwekewe mifano ya hesabu. Tafsiri hiyo isomwe na mwanasheria na mwanauchumi kabla ya kutolewa, ili isiwe chombo cha upande wowote. Kisha ipelekwe panapojadiliwa siasa: katika vituo vya bodaboda, katika redio za mitaa, na katika mabaraza ya Mji wa Kale na Kizingo. Kazi ya namna hii inafaa kutahiniwa na kupewa alama kama tasnifu nyingine yoyote.

Wengine watahofu kuwa chuo kikuu kitajiingiza katika siasa. Lakini anayefafanua tofauti ya kuunda na kuunganisha hampigii mtu kampeni. Anawapa wabishi wote mizani moja. Wananchi wataendelea kutofautiana kuhusu serikali, nao wana haki hiyo. Wasichostahili ni kutofautiana kwa sababu tu kitenzi kimoja kimebeba mzigo wa vitatu, na mswada ujao wa fedha ukapita hali wao bado wanabishana kuhusu aliyeendesha gari siku ya uzinduzi.