Vyombo vya Bibi Arusi wa Urusi

Juma hili tuzungumze juu ya sahani. Msicheke, maana sahani hizi zilitengenezwa ili binti wa mfalme atoke nazo kwa baba yake.

Mwaka 1744 Malkia Elizabeth wa Urusi aliamuru kiwanda cha kauri kianzishwe mjini St Petersburg. Wachina waliijua kazi hiyo tangu kale, na Wajerumani wa Meissen waliilinda kama siri. Mrusi mmoja, Dmitry Vinogradov, alijaribu udongo huu na ule mpaka akafaulu. Udongo mweupe hufinyangwa na kuchomwa. Kisha hupakwa maji yanayogeuka kioo motoni, huchomwa tena kwa moto unaozidi digrii 1,300, halafu hutiwa rangi na dhahabu na kurudi tanuruni. Kila safari vingine hupasuka.

Kwetu mahari hutoka upande wa mume. Huko baba ndiye aliyemfungia binti mali: vito, nguo, fedha, na vyombo vya meza kutoka kiwanda hicho cha kifalme. Ukigeuza sahani ya enzi ya Nicholas wa Kwanza, utaona chini yake taji na herufi za jina lake kwa rangi ya buluu. Ni kama kusema: huyu ana kwao.

Nicholas aliwaoza binti zake watatu. Maria aliolewa mwaka 1839. Alexandra, kitinda mimba wao, aliolewa Januari 1844. Alikuwa na kifua kikuu. Agosti mwaka ule ule alijifungua kabla ya wakati. Mtoto akafa, na mama naye akafa siku ile ile. Alikuwa na miaka 19. Utajiri wote wa baba yake haukununua dawa, kwa kuwa dawa haikuwapo.

Olga aliolewa mwaka 1846, akahamia Stuttgart, Ujerumani. Hakujaliwa mtoto, akamlea Vera, binti wa ndugu yake Konstantin. Mwaka 1873 alianzisha shule ya wasichana, na mpaka leo shule hiyo ina jina lake, kama ilivyo hospitali ya watoto mjini humo. Vyombo vya kauri vya mabinti wa kifalme sasa vimo katika makumbusho na kabati za matajiri. Hakuna anayelia wali juu yake.

Wazazi, ni vema kumnunulia binti sufuria na vikombe. Lakini je, binti yenu amekohoa majuma mawili? Mpelekeni zahanati apimwe kabla ya kupanga siku ya arusi. Leo dawa ya kifua kikuu ipo, na akiimaliza kama alivyoagizwa, hupona. Na kama bado yuko shuleni, mwacheni amalize. Vikombe vitanunuliwa baadaye.