Noti ya dola: benki inaitoa, benki inaikataa

Bwana Mhariri,

Naandika nikiwa bado na hasira, na ninaomba muichapishe barua hii bila kuipunguza makali. Jana asubuhi nilipokea mshahara wangu kwenye gishe ya benki moja hapa Lubumbashi. Mchana, kwenye tawi lingine la benki ileile, nikapanga foleni kulipa minervali ya binti yangu anayesoma sekondari. Mhudumu akazitazama noti zangu moja moja kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye kingo, akafika kwenye ile ya dola 100, akairudisha kwangu chini ya kioo.

"Papa, hii haitembee. Imepasuka."

Nililazimika kuvaa miwani ili niuone huo mpasuko. Ulikuwa ukingoni, karibu na sifuri ya mwisho, hauzidi milimita tatu. Nikamweleza kwamba noti imetoka kwao asubuhi ileile, nikamwonyesha na karatasi yenye muhuri wao. Naye akanionyesha tangazo lililobandikwa kwenye kioo: mteja akishaondoka gisheni, malalamiko hayapokelewi. Nikaomba kumwona mkubwa wake. Akaja kijana mwenye tai, akanisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akanishauri kwa upole kabisa: "Papa, muende kwa makambisti pale inje, watawasaidia."

Yaani benki inamtuma mteja wake barabarani akauze pesa ambayo benki yenyewe imempa!

Kambisti, yaani mbadili pesa wa barabarani, alikuwa amekaa chini ya mwavuli, mabunda ya faranka mezani, hatua chache tu kutoka mlango wa benki. Alitaja bei kabla sijamaliza kumsalimu: dola 85. Nilijaribu kubishana. Akaikunja noti yangu kidogo, mpasuko ukafunguka, akaniangalia bila kusema neno. Shule ilikuwa imeshasema kwamba asiyelipa asije kesho, basi nikauza. Dola 15 zimekwenda, na kwa pesa hiyo nyumba yangu inakula bukari siku kadhaa. Nilipomuuliza anaipeleka wapi noti ambayo hakuna anayeitaka, alicheka: "Papa, kila kitu kiko na njia yake."

Hiyo njia ndiyo ninayotaka kuijua. Kambisti hanunui takataka. Kama noti "mbovu" inanunuliwa kwa 85, kuna mahali inapokelewa kwa zaidi ya hapo, na mimi sioni mahali hapo ila kwenye gishe ya mtu anayejuana na mtu. Ninakisia, ndiyo. Atakayenikosoa anipe maelezo mengine.

Na si mpasuko peke yake. Nukta ya kalamu, alama ya muhuri, noti iliyochapishwa zamani kidogo, zote "hazitembee". Wamarekani wenyewe, wenye pesa hiyo, wanasema noti zao zote tangu mwaka 1861 bado ni halali. Sisi wa Haut-Katanga tumekuwa wakali wa dola kuliko wao. Wakati huohuo faranka 500 iliyoshonwa kwa selotepu, nyeusi kama makaa, mama wa soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, anaipokea na kukurudishia chenji.

Msituambie tutumie faranka tu. Noti yetu kubwa kuliko zote ni ya faranka 20,000, ambayo haifiki dola 10. Kodi ya nyumba inatajwa kwa dola, garanti yake kwa dola, minervali kwa dola. Na wazazi wetu hawajasahau mwaka 1993, zaire milioni tatu zilipogeuzwa kuwa zaire mpya moja na akiba za watu zikafa. Hofu ya pesa ya nyumbani tuliirithi.

Mwaka 2025 faranka ilipopata nguvu, dola ikashuka kutoka faranka zaidi ya 2,800 hadi chini ya 2,500, tulidhani tutapumua. Wapi! Dola yetu ilishuka mara moja, lakini bei za faranka madukani zilibaki palepale. Kila duka likawa na kiwango chake, kimeandikwa kwa chaki nyuma ya kaunta.

Wakubwa wetu hawayaoni haya. Sijasikia mbunge aliyerudishiwa noti yake gisheni. Lakini kuchukua pesa zetu wanajua: tuliona RAM, ile kodi ya simu iliyoanza mwaka 2020, ilivyokuwa ikikata salio letu kimyakimya mpaka kelele zikawalazimisha kuifuta mwaka 2022. Waliofaidika wako wapi? Na nani alirudishiwa hata dola moja?

Ninaiomba Benki Kuu ya Kongo itoe amri moja tu: noti inayotolewa gisheni ipokelewe gisheni, kwenye tawi lolote la benki hiyo, na lile tangazo la kwenye kioo liondolewe. Hadi hapo, wasomaji wenzangu, msiondoke mbele ya kioo kabla hamjaikagua kila noti pande zote mbili. Foleni ikinung'unika, iacheni inung'unike.

Msomaji wenu,
Kampemba, Lubumbashi