Dawa Ikishindwa, Mgonjwa Ana Kosa Gani?

Juzi mhariri wangu kaniuliza: "Wewe si unatumia dawa? Mbona bado?" Nikakosa la kusema. Jibu lake ni hili.

Nina sonona. Nimemeza amitriptilini miezi mitatu, nikahamishiwa fluoksetini miezi minne. Sikuruka dozi. Bado kuna asubuhi ambazo kuvaa viatu tu ni kazi. Nyumbani wanasema sina imani. Ofisini wanasema msomi mzima nadeka.

Hivi jamani, TB isiposikia dawa tunasemaje? Tunaiita TB sugu. Mgonjwa anabadilishiwa dawa, pengine anapelekwa Kibong'oto kule Kilimanjaro. Hakuna anayemwambia anadeka. Iweje sonona ikigoma, lawama abebe mgonjwa?

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliripoti matokeo ya utafiti mkubwa uitwao STAR*D. Dawa ya kwanza iliwaondolea dalili kabisa takriban mtu mmoja tu kati ya watatu. Kwa hiyo dawa kushindwa si kioja, ndugu msomaji. Zipo hatua nyingine: kubadili dawa, kuongeza lithiamu, tiba ya mazungumzo, hata tiba ya umeme, iliyoanza Italia mwaka 1938 na ambayo siku hizi mgonjwa hupewa akiwa na nusu kaputi.

Basi usiniulize kwa nini sijapona. Uliza hatua inayofuata ni ipi, na inapatikana wapi.

Nimeandika habari za watu waliojiua. Kila msibani husemwa: "Mbona hakusema?"

Mimi nimesema.